Nyumba 16 za Bamburi: nani aliweka pesa, nani alilipwa kwanza

Karatasi ya kwanza ya mradi huu iliandikwa nyuma ya bahasha, mwishoni mwa 2022, na ilikuwa na mistari minne tu: ardhi milioni 16, ujenzi milioni 49, wataalamu na vibali milioni 4, dharura milioni 2. Jumla shilingi milioni 71 za Kenya, kwa nyumba 16 za vyumba viwili vya kulala, orofa nne, Bamburi, Mombasa. Karatasi ya mwisho ilisoma milioni 85. Hakuna aliyeiba. Zile milioni 14 zilikuwepo tangu siku ya bahasha, ila hakuna kati yetu, watu watano tulioweka fedha, aliyejua zimejificha wapi.

Bamburi haikuwa chaguo la kwanza. Dalali alianza kwa kutupeleka Kisauni, bei tamu, na jengo tayari limesimama juu ya kiwanja. Kumbe ni "nyumba bila ardhi": mwenye kuta ni mmoja, mwenye ardhi ni mwingine, na wa kwanza humlipa wa pili kodi ya kiwanja. Mombasa mtindo huu ni wa zamani na watu huuziana nyumba hizo kila siku bila neno. Kwa kuishi, sawa. Kwa kukopa, hapana; benki inataka hati ya ardhi, na pale hati iko mikononi mwa mtu ambaye hamjafanya naye biashara yoyote. Ukiletewa bei ya chini kuliko majirani, swali la kwanza liwe: hati ya udongo iko kwa nani?

Kiwanja cha Bamburi kilikuwa nusu ekari, hati ipo, haina rehani wala zuio. Sachi rasmi, yaani ukaguzi wa daftari la ofisi ya ardhi, ilitoa jina la mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amefariki. Watoto wake tulikuwa tumeshakubaliana nao, hata kahawa tumekunywa, lakini mbele ya msajili wa ardhi maneno yao hayakuwa na uzito wowote. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi na kuthibitisha mgawo, hakuna mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Tulikadiria miezi mitatu. Ilichukua 11.

Marehemu aliacha mjane, wana wawili na mabinti watatu. Kwa Kadhi hesabu yake ni fupi: mjane thumni, kilichobaki mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ikatoka sawia, nane juu ya nane: mama moja, kila binti moja, kila mwana mbili. Kwa ardhi ya milioni 16, mama na mabinti milioni 2 kila mmoja, wana milioni 4 kila mmoja. Binti mmoja anaishi Muscat. Hati yake ya uwakala ilibidi aisaini mbele ya ofisa wa ubalozi, itumwe karatasi halisi, ilipiwe ushuru wa stempu, kisha isajiliwe. Nakala ya WhatsApp haikumsaidia mtu.

Na hapo katikati likazuka jambo ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kahawa. Mama na binti mmoja walisema wazi kwamba hawaingii kwenye kampuni itakayokopa kwa riba. Tuliuliza benki ya Kiislamu kuhusu musharaka unaopungua, ambapo benki inamiliki sehemu ya nyumba, wewe unalipa kodi ya sehemu hiyo huku ukiinunua kidogo kidogo. Ni mpango mzuri kwa nyumba iliyokamilika na yenye mpangaji. Kwa kiwanja kitupu chenye warithi sita ulikuwa mgumu, na malipo ya mwezi hayakuwa na tofauti kubwa. Mwisho wana wawili walizinunua sehemu za mama na dada yao, kwa awamu, na mkataba ukaandikwa. Pwani swali la riba liulizwe kabla ya swali la bei.

Mpimaji naye asiachwe. Bikoni tatu, yaani alama za mipaka, zilionekana mara moja. Ya nne ilipatikana baada ya kufukua jalala, sentimita 40 chini, ndani ya uzio wa jirani: ukuta wake ulikuwa umekula mita 1.8 za upande wetu. Jirani alikuwa muungwana, lakini ramani ya msanifu ilikuwa imeshachorwa kwa upana wa hati na ngazi ya nyuma ilikuwa imekaa juu ya mchicha wake. Kupima ni gharama ndogo. Kuchora upya ni gharama kubwa.

Sasa mpango wenyewe. Ardhi ya mwenzako inaweza kuingia kwenye mradi kwa njia tatu. Unaweza kuinunua taslimu, na hapo mwenye ardhi analala usingizi, wewe unaanza ukiwa umeishiwa. Unaweza kuiacha kwa jina lake, yeye akaiweka rehani kudhamini mkopo wako. Hapo wewe unalala, yeye ndiye mwenye kupoteza kiwanja ukishindwa kulipa. Au kiwanja kihamie kwa kampuni mpya iliyoundwa kwa mradi huo tu, yeye apewe hisa kwa thamani ya ardhi. Tulichukua ya tatu, na bado tunaona ndiyo ya haki zaidi, ila ina kodi zake. Kuhamisha ardhi ya mjini hutozwa ushuru wa stempu 4% ya thamani, kwetu shilingi 640,000. Msamaha upo kwa kampuni ambayo hisa zote ni za familia. Kampuni yenye wageni kama sisi haimo. Kodi ya ongezeko la mtaji nayo, ambayo tangu Januari 2023 ni 15% ya faida badala ya 5%, humwangukia anayehamisha. Warithi walikuwa wamepokea hisa, na serikali haipokei hisa. Kampuni iliwalipia, ikaandikwa kama deni lao la kukatwa kwenye gawio la kwanza. Kwenye bahasha hakukuwa na mstari wa hayo.

Upande wa fedha tulikuwa watano, kila mmoja milioni 5, jumla milioni 25. Ukijumlisha na ardhi, mtaji wa wenyewe ni milioni 41: familia 39%, sisi 61%. Kosa lilikuwa kwamba mkataba ulisema kila mmoja "atachangia milioni 5" bila kusema lini, wala itakuwaje asipochangia. Mmoja wetu alifika milioni 3, biashara yake ikayumba. Wengine wanne wakajaza pengo la milioni 2, kisha wiki sita zikaisha kwa ubishi: hizo mbili ni mkopo kwa kampuni, au ni hisa, na kama ni hisa, za bei gani? Wote walikuwa na hoja. Kifungu cha mistari mitano kingetosha: mwito wa fedha hutolewa kwa maandishi, siku 21 za kulipa, anayejaza pengo huhesabiwa amekopesha kampuni kwa 15% kwa mwaka, na baada ya miezi sita deni hilo hugeuka hisa zinazotoka kwa aliyeshindwa. Kiandikwe wakati nyote mna fedha na mnapendana.

Benki ilitoa barua ya kukubali mkopo wa milioni 34 mapema 2023, riba 13%, miaka 10. Barua hizi zina tarehe ya kufa. Yetu ilikuwa siku 90, na mirathi haikuisha ndani ya siku 90. Tulipoirudisha mezani mwaka uliofuata, riba ya msingi ya Benki Kuu ilikuwa imetoka 8.75% ya Novemba 2022 hadi 13% ya Februari 2024, na barua mpya ikasema 17%. Kwa mkopo uleule, rejesho la mwezi lilitoka kama shilingi 508,000 hadi 591,000. Benki Kuu ilipoanza kushusha, Agosti 2024, riba yetu haikushuka yenyewe. Iliombwa kwa barua, mara mbili.

Hapa ndipo hesabu iliyotutoa jasho ilipofanywa kwa kweli. Nyumba 16 kwa kodi ya 30,000 ni 480,000 kwa mwezi zikijaa zote. Toa moja ya kumi kwa nyumba tupu na wapangaji wazito, toa mlinzi, maji, usafi, ukarabati na wakala, unabaki na kama 360,000. Rejesho ni 591,000. Kila mwezi tungelazimika kutia mfukoni zaidi ya 230,000, kwa miaka 10, ili tuitwe wenye nyumba. Kodi ya nyumba za kawaida Mombasa haijawahi kushinda riba ya aina hii, na anayekuambia "wapangaji watalipa mkopo" mwombe akuandikie mistari hii kwa kalamu. Njia ilikuwa moja: baadhi ya nyumba ziuzwe kuua deni, zinazobaki zipangishwe bila deni. Tukaamua saba ziuzwe, tisa zibaki.

Kabla ya kusaini, kuna ukurasa wa dhamana binafsi. Kila mkurugenzi alitakiwa adhamini mkopo wote, "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maana yake mtu mwenye 12% ya faida anadaiwa 100% ya deni, na benki inaruhusiwa kumfuata yeye peke yake, hasa kama ndiye mwenye nyumba nyingine inayoonekana. Tuliomba kila mmoja adhamini hadi mara moja na nusu ya sehemu yake. Benki ilikataa kwanza, ikakubali kwa wawili ambao mishahara yao ilipita hapohapo. Omba, hakuna faini ya kuomba. Na mke au mume asaini ridhaa pale nyumba ya familia inapohusika, la sivyo rehani yenyewe inaweza kubatilishwa. Kuhusu kushindwa kulipa, sheria ya ardhi ya 2012 haikurupuki: baada ya mwezi wa kuchelewa kuna notisi ya miezi mitatu, kisha notisi ya siku 40, kisha dalali wa mnada naye ana siku zake 45. Ni muda wa kutosha kuuza mwenyewe kwa bei ya soko, kwa anayefungua bahasha za benki.

Zaidi ya nusu ya zile milioni 14 ilikuwa imejificha kwenye mstari mmoja wa mkandarasi: "bei ni kabla ya VAT". VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni 16%, juu ya milioni 49 ni milioni 7.84. Kwa jengo la biashara, kampuni iliyosajiliwa hujirudishia VAT hiyo kutoka kwenye ile inayowatoza wapangaji. Nyumba za kuishi zimesamehewa VAT, kwa hiyo humtozi mnunuzi wala mpangaji, na uliyolipa imekwenda. Tuliigundua wiki moja kabla ya kusaini. Tulifuta bwawa la kuogelea lililokuwa limechorwa pale kwa ajili ya picha, na hakuna aliyelilia. Mengine yaliyoongezeka: riba ya wakati wa ujenzi, ada ya kupanga mkopo 1.5%, mawakili wawili (wa benki pia unamlipa wewe), ushuru wa stempu wa rehani 0.1%, jumla kama milioni 4. Dharura ikapandishwa hadi milioni 3.2, na ikaanza kuliwa siku ya kuchimba shimo la maji taka. Chini ya udongo mwekundu wa Bamburi kuna mwamba wa matumbawe, na mwamba haulipwi kwa bei ya udongo.

Mpangilio wa vyanzo, basi, ukawa hivi: ardhi 16, fedha zetu 25, benki 34, malipo ya awali ya wanunuzi 10. Inajumlika 85 vizuri sana kwenye karatasi. Kasoro ni kwamba haziji pamoja. Benki haitoi hata senti mpaka fedha zako zote zimezikwa ardhini, na ikianza kutoa, inatoa kwa kazi iliyokwisha kufanywa. Msanifu anatoa cheti cha kazi iliyofanyika, mkadiriaji wa benki anakuja kupima mwenyewe, wakili wa benki anathibitisha hakuna zuio jipya kwenye hati, ndipo fedha zinatoka. Cheti cha kwanza cha upande wa benki kilikuwa cha milioni 6.2, jengo likiwa limefika zege la orofa ya pili. Mkataba wa mkandarasi ulisema alipwe ndani ya siku 14. Benki ilichukua 31. Siku ya 15 mashine ya zege ilinyamaza. Siku ya 20 mafundi wa nondo walikuwa wamehamia kazi nyingine Nyali, na walioachwa ni mlinzi, paka, na nondo zilizochomoza juu ya nguzo zikila chumvi ya bahari hadi zikawa rangi ya samli iliyoungua. Fedha zilipoingia, kuwarudisha mafundi kulichukua siku tisa zaidi, na kusugua nondo kwa brashi ya waya hakukuwa bure. Hasira za siku zile zilimwendea mkandarasi, ambaye hakuwa na kosa.

Dawa zipo mbili, na zote lazima ziandaliwe kabla. Moja ni kuweka pembeni fedha zinazolingana na cheti kimoja na nusu, kwetu ingekuwa kama milioni 9, zisizoguswa kwa msingi wala kwa matofali. Maana yake ni kuanza kujenga baadaye kidogo, jambo ambalo kila mtu hulichukia. Ya pili ni kumwambia mkandarasi ukweli wakati wa zabuni kwamba malipo ni siku 35. Atapandisha bei kidogo, nawe utajua bei ya subira ni kiasi gani. Kutoka cheti cha pili tulimwita mkadiriaji wa benki siku ileile aliyokuja msanifu, wakapima pamoja. Muda ukashuka hadi siku 17.

Wanunuzi wa mapema nao wana haki ya kuogopa. Hati mama iko benki chini ya rehani, na mnunuzi anakupa 20% ya bei ya nyumba ambayo bado ni hewa. Aliye makini ataomba barua ya benki inayoahidi kuiachilia nyumba yake kwenye rehani bei yake ikilipwa kamili, pamoja na bei ya kuachilia iliyotajwa kwa tarakimu. Tuliuza mbili kabla ya kuipata barua hiyo, na tano zilizobaki zilikwama mpaka ikapatikana. Iombwe ndani ya mkataba wa mkopo wenyewe, wakati benki bado inakutamani. Mpimaji wa mpango wa sehemu za jengo aajiriwe paa likiwa linaezekwa, kwa sababu chini ya sheria ya 2020 kila nyumba hupata hati yake yenyewe, na mnunuzi anayekopa benki yake hawezi kukamilisha bila hiyo.

Ubishi mkubwa kuliko wote haukuwa na benki. Mkataba wetu ulisema "faida itagawanywa 39 kwa 61", na hakuna aliyeuliza faida ni nini. Mwenzetu aliyesimamia kazi kila siku kwa miezi 14 alidai 3% ya gharama ya ujenzi, yaani shilingi milioni 1.7 hivi, kama ujira, kabla ya kugawana. Familia ikasema ujira huo ni sehemu ya 61 yetu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu lilikuwa na risiti za saruji tu. Tulimaliza kwa milioni 1, baada ya vikao vinne. Siku hizi tunaanza na foleni ya malipo kabla ya jina la kampuni: kwanza kodi za serikali na gharama za kuendesha, pili benki, tatu wenzetu walioikopesha kampuni, nne ujira wa msimamizi kwa tarakimu iliyotajwa, tano kurudisha mtaji, na ndipo kinachobaki kigawanywe kwa hisa. Kila daraja lijae kabla la chini yake halijaguswa.

Nyumba saba ziliuzwa kwa wastani wa milioni 6.8, jumla 47.6. Madalali na mawakili walikula 1.4. Milioni 10 za malipo ya awali zilikuwa zimeshageuka kuta. Ikabaki 36.2, mkopo wa 34 ukafutwa, mkononi 2.2. Tulishangilia kwa siku mbili, hadi mhasibu alipotukumbusha kwamba kampuni inayojenga na kuuza ni mfanyabiashara: faida yake hutozwa kodi ya kampuni ya 30%, wala si ile 15% ya anayeuza kiwanja alichokaa nacho. Faida ya zile saba ilikuwa kama milioni 9, kodi milioni 2.7. Tukapungukiwa nusu milioni, ikatoka kwenye kodi ya wapangaji wa miezi ya mwanzo.

Nyumba tisa zilizobaki huingiza 270,000 kwa mwezi zikijaa. Kwa mapato ya kodi ya nyumba ya kuanzia 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, mamlaka ya mapato huchukua 7.5% ya jumla bila kukubali gharama yoyote, tangu Januari 2024, nayo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata: kwetu 20,250.

Jambo la mwisho liligunduliwa kwa bahati, mmoja wetu alipokwenda kuomba mkopo wa gari. Deni lilikuwa limekwisha miezi mitano nyuma, rehani imefutwa kwenye hati, lakini dhamana zetu binafsi zilikuwa bado hai kwenye faili la benki. Ilibidi kila mmoja aandike barua yake, akaambatanisha nakala ya taarifa ya kufunga mkopo, na akapewa ya kwake ya kuachiliwa. Ya tano ilitoka wiki saba baada ya ya kwanza.